Nyundo ya Barafu na Jicho la Sajini

Wasichana mnaobaki pale thieta mliniomba niwaandikie kuhusu kazi, maana mnasema nikiongea nakaripia na hamshiki kitu. Basi nimekaa, nimevaa miwani, naandika. Mambo ya mshahara hamtayakuta hapa. Wa leo mnaujua, na mkiujua wa zamani mtalia bure. Vyeo nilipanda sana: kila lifti ilipokufa nilipanda ngazi na ndoo mkononi.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa mtu wa Arua, askari wa jeshi hapo Makindye. Mama yangu aliuza mandazi getini, akaswali swala zote, na kati ya swala na swala akagombana na majirani. Shule niliachia darasa la nne. Sikufukuzwa. Mwalimu alisema nina kichwa kigumu, nami nikaona nikipeleke mahali kitakapofaa.

Kilifaa kwa nguruwe. Kazi yangu ya kwanza hospitalini ilikuwa kuosha nguruwe wa utafiti, waliokaa kwenye banda la saruji nyuma ya jengo la kufulia. Nilipomweleza mama, aliacha kukanda unga.

"Unawaosha au unawala?"

"Nawaosha, mama."

"Basi na wewe ukirudi utaoshwa nje."

Na kweli, miaka yote ile niliogea uani, mvua au jua.

Nguruwe wenyewe walikuwa wa madaktari waliotaka kujua namna ya kuilinda figo wakati wa upasuaji. Nawaeleza kama nilivyoelezwa, kwa sababu mmesoma kuliko mimi lakini hamkuuliza. Mpasuaji akitaka kukata figo bila damu kumwagika, anaubana mshipa unaoileta damu. Sasa figo imekosa damu, inaanza kufa. Ukiizungushia barafu laini inapoa, inakuwa kama mtu aliyelala, haombi chakula. Daktari anapata nafasi ya kufanya kazi yake na kuondoka. Ndiyo hayo tu. Kurasa nyingine zote walizoandika ni mapambo.

Aliyenifundisha barafu ni Mzee Okumu, mhudumu wa zamani, mtu wa Tororo, mwenye meno machache na maneno machache zaidi. Siku ya kwanza hakunisalimia. Alinipa nyundo ya mbao, hii hii mnayoipigania leo, akauliza:

"Umewahi kuponda karanga?"

"Tangu nizaliwe."

"Umewahi kuua nyoka?"

"Mara moja."

"Basi kumbuka karanga, sahau nyoka."

Maji ya chumvi ya hospitali yanagandishwa yakiwa ndani ya mfuko wake, kisha mfuko unaviringishwa kwenye kitambaa na kupigwa bila kufunguliwa, ili uchafu usiingie. Ukipiga kwa hasira mfuko unapasuka, tupa. Ukipiga kwa uvivu yanabaki mabonge yenye pembe, na pembe zinakwaruza nyama. Inayotakiwa ni barafu inayominyika kama posho, ugali wetu, iliyoanza kushika. Mzee Okumu aliuminya mfuko wangu, akaniangalia, akasema, "Hii ni ya kujengea nyumba." Nilijenga nyumba nyingi kabla hajanyamaza. Kwake, kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa.

Nguruwe walitunzwa, tusidanganyane. Walikuwa na daktari wao, dripu zao, na saa yao ya chakula cha mchana. Sisi saa hiyo tulikuwa na mkutano. Wageni kutoka nje wakija walipiga picha na nguruwe, na sisi tuliambiwa tusogee tusizibe mwanga.

Utafiti ule ulipoisha, walitusomea matokeo: barafu inaonekana kusaidia, ila utafiti zaidi unahitajika. Nimefanya kazi na watafiti mpaka nywele zimegeuka rangi, na sijaona hata mmoja aliyemaliza akasema sasa yatosha.

Mzee Okumu alipostaafu, nilihamia upande wa macho, mimi na nyundo. Huko nikamkuta Daktari Ruth. Ninyi mnamjua akiwa mkubwa wa idara. Mimi nilimkuta akiwa kijana, mfupi, anatembea kana kwamba moto unamfuata, na ana ugonjwa wake mwenyewe: alipenda vivimbe. Saratani haikumvutia, alisema ina watu wengi wa kuifuata. Yeye alitaka vile vya nadra visivyo saratani, vinavyoota nyuma ya jicho polepole, bila maumivu, vikilisukuma jicho nje kama mpangaji mpya anayemhamisha wa zamani. Havikuui. Vinakukalia tu, mpaka mshipa wa kuonea unachoka na jicho linakuwa la urembo. Akipata mgonjwa wa namna hiyo anapiga makofi. "Hiki ni kizuri sana!" Mimi namwambia, "Daktari, anza na pole, halafu makofi."

Wapasuaji wengi, ili kukitoa kivimbe cha namna hiyo, waliona afadhali watoe vyote, mgeni na mwenye nyumba. Daktari Ruth alitaka jicho libaki. Lakini kukifikia ni lazima ulisogeze jicho, uuguse ule mshipa, na vyote viwili vinaumia. Hapo ndipo akapata wazo la kudondosha maji ya barafu laini taratibu pale wanapofanya kazi, jicho lipoe kama ile figo ya nguruwe. Mtu akamwambia kuna mwanamke ana nyundo.

"Mama Zaituni, unaweza kuniponda barafu laini kuliko ya nguruwe?"

"Unataka kuniponda mimi au barafu?"

"Barafu, mama. Wewe nani atakuponda?"

Tukaelewana tangu siku hiyo.

Sasa niwaeleze habari ya friji, kwa sababu ile karatasi iliyobandikwa juu yake mnaipita kila siku kama picha ya harusi ya mtu msiyemjua.

Daktari Ruth ni Muganda wa ukoo wa Nsenene. Nsenene, wale panzi wanaoliwa, ni mwiko kwao. Hali, hapiki, na akimwona mtu anazitafuna anageuza uso. Kwa hiyo msimu wa nsenene unapofika na Kampala nzima inanuka kukaanga, wafanyakazi wa jengo lile walijiuliza wapi pa kuweka zao zisiibwe, kwa sababu kwenye friji ya jikoni kaveera ya mtu, yaani mfuko wake wa plastiki, inaingia imejaa na kutoka imekonda. Wakapiga hesabu. Friji gani ina mwenyewe asiyeweza kuonja hata moja? Friji ya barafu ya Daktari Ruth. Ukiniuliza, ni hesabu ya akili kabisa. Kila mtu aliingiza kaveera yake ndogo kwa siri, akasogeza mfuko wa maji ya chumvi kidogo tu, akafunga. Na kila mtu alidhani yuko peke yake. Mimi simo, lakini msinipe sifa. Za kwangu huwa hazifiki friji.

Msimu mmoja wa hizo ndipo alipoletwa Sajini Ojara.

Sajini alikuwa polisi, Mwacholi, anakaa kwenye nyumba za polisi Naguru, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha makuruta shabaha. Jicho lililosukumwa nje lilikuwa la kulia, lile analolengea. Makuruta walisema jicho la Sajini linafika kazini kabla yake. Daktari Ruth alimpima, akapiga makofi, akakumbuka, akasema pole. Kivimbe si saratani, alimwambia, ila kinaubana mshipa, na mwanga umeanza kupungua. Kikitolewa sasa, jicho lina nafasi. Ukichelewa, halina.

Sajini akaitikia "ndiyo afande" kwa kila neno, akalazwa, na asubuhi ya upasuaji hakuwepo. Alipita dirishani. Akarudishwa na mkewe na mkubwa wake wa kazi. Mara ya pili alipita mlangoni mchana kweupe, akiwaamkia walinzi kwa majina. Kipimo cha mwanga nacho kilikuwa kinashuka. Daktari Ruth alikuja kwangu bila makofi.

"Akitoroka tena, Mama Zaituni, sitakuwa na cha kuokoa. Akirudi hapo nitakuwa natoa jicho."

Siku ikapangwa mara ya tatu. Sajini alikuwa hajala tangu jana yake, amevaa gauni la mgonjwa, amekaa kwenye benchi la korido. Nikaenda kuchukua barafu. Kifuniko cha friji kilikuwa hakijafunga vizuri, kimeinuka kama kofia ya mlevi. Nikafungua.

Friji ilikuwa imejaa nsenene mpaka mdomoni. Kaveera juu ya kaveera, nyeusi, nyeupe, moja ya duka la dawa. Mifuko yangu ya maji ya chumvi ilikuwa imesukumwa juu, karibu na kifuniko kile kisichofunga, nayo imelegea. Niliminya mmoja. Uji.

Nikamwita Daktari Ruth. Alikuja, akatazama, akarudi nyuma, mikono kifuani, kana kwamba ni nyoka wamelala mle.

"Banange! Za nani hizi?"

Sista Apio, mkubwa wa wauguzi, mwanamke wa kanisa ambaye hajawahi kuchelewa ibada, aliangalia dari.

"Sista, za nani?"

"Daktari," alisema Sista Apio, "zetu. Sisi sote. Ile nyeusi yenye fundo ni yangu."

"Kwenye friji yangu? Mimi?"

"Ndiyo sababu, Daktari. Wewe huwezi kuiba."

Nilimwona Daktari Ruth akitafuta hasira na kukuta kicheko kimekaa mahali pake. Lakini hakikudumu. Alimtazama Sajini pale benchi. Kulikuwa na aliyependekeza tukatafute barafu ya wauza samaki. Simtaji, bado mnafanya naye kazi. Daktari alikataa: si safi, na bila barafu iliyo sawa halisogezi jicho la mtu. Akaamua: friji itolewe kila kitu, mifuko irudi chini kabisa, kifuniko kifungwe, tungoje igande. Huenda mchana.

"Na yeye?" nikauliza.

"Yeye ni wako," akasema. "Asiondoke. Na asile kitu, Mama. Akila hawezi kupewa dawa ya usingizi, chakula kitapanda kiingie mapafuni."

Nikaenda nikachukua suruali ya Sajini kwenye mfuko wake, nikaikunja, nikaikalia. Viatu nikaviweka chini ya miguu yangu. Nikamwambia tunangoja barafu.

"Mnangoja barafu? Hii ni hospitali ama ni baa?"

"Ni baa. Kaa."

Tukakaa. Na hapo ndipo akili ya watu wa jengo lile ilipofika mwisho wake. Nsenene zilizotolewa kwenye friji zimeanza kuyeyuka, zikilala zitaharibika, na kutupa nsenene Kampala ni dhambi isiyo na toba. Wakazipeleka jikoni kwa wodi, mlango wa tatu kutoka benchi letu, wakazikaanga. Zote.

Harufu ikaja ikitembea kwenye korido kama bibi harusi.

Sajini aliinua pua. "Mama. Mimi nasikia nsenene."

"Hapana. Hiyo ni dawa."

"Dawa gani iko na kitunguu?"

Hata mimi mate yalikuwa yamejaa mdomoni, na nina haki ya kusema hivyo sasa nimestaafu.

"Mama, hata moja tu. Moja haiwezi jaza tumbo."

"Ukila hata mguu wa nsenene, hulali. Usipolala, hupasuliwi."

"Basi nipe suruali yangu. Mimi nakwenda Naguru. Nitarudi Jumatatu."

"Jumatatu ya mwaka gani?"

"Mama, mimi ni Sajini! Nafundisha watu mia na bunduki!"

"Na mimi nimekalia suruali yako. Nani mkubwa?"

Akasimama. Mtu mrefu, gauni linamfika magotini, nyuma limefungwa kwa kamba moja. Alitazama mlango. Nikamwambia aende, korido ni ndefu, na getini kuna polisi wenzake wanaolinda, watafurahi kumwona alivyo. Akakaa tena, akajifunika mapaja kwa mikono. Halafu akasema, sauti imeshuka:

"Mimi siogopi kisu, Mama."

"Najua. Unaogopa nini?"

"Kuna rafiki yangu, tulitoka kozi moja. Walimwambia tunakwenda kutoa kitu kidogo. Alipoamka jicho hakuna. Hakuna mtu alimwambia, alijua kwa kushika na mkono. Leo iko anafungua geti ya stoo. Anafungua, anafunga." Akaligusa lile jicho lake juu juu, kama mtu anayegusa yai. "Wao wataitoa hii yangu?"

Hapo ningeweza kusema uongo, na wauguzi wengi wangesema. "Hapana, usijali." Mimi sikuweza, kwa sababu sikujua.

"Sijui," nikamwambia. "Daktari hataki kuitoa. Lakini sijui. Ila mimi nitakuwa mle ndani na nyundo yangu. Na ukiamka, mtu wa kwanza utakayemsikia ni mimi, na nitakwambia kweli, iko au haiko. Hutashika na mkono."

"Unaapa?"

"Siapi kwa ajili ya polisi. Nimesema."

Alifikiri. Jikoni kulikuwa na kicheko na mlio wa kijiko kwenye sufuria. Akasema, "Wewe ni mzee mbaya sana," na akaegemea ukuta. Nilihesabu hayo kuwa ndiyo.

Mchana mifuko ikashika. Niliiponda kwenye meza ya nje, ndani ya kitambaa, na nawaambia sijawahi kuponda vile. Karanga za mtoto mchanga. Nikaminya, nikaminya tena. Nilitamani Mzee Okumu awepo anyamaze.

Ndani, Sajini amelala, Daktari Ruth amekaa kwenye kiti chake, Sista Apio anadondosha yale maji ya barafu kwa bomba la sindano, tone kwa tone, mikono inanuka sabuni na mdomo, chini ya barakoa, unanuka kitunguu. Kazi yangu ilikuwa kuleta mfuko mpya ule wa kwanza ukianza kuwa maji. Daktari Ruth alipoongea alikuwa analiambia jicho, "Pole, pole, subiri kidogo," kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala kitandani asiamke.

Kisha akakitoa. Cha mviringo, laini, cha zambarau iliyoiva kabisa, kizima, hakijapasuka. Alikiinua kwenye mwanga na sote tukajua anataka kupiga makofi. Hakuweza, mikono imeshika. Nikampigia mimi, mara moja, nikarudi kwenye barafu.

Jicho lilirudi nyuma mahali pake. Kwamba lipo, tuliliona. Kwamba linaona, hakuna aliyejua.

Alipoanza kuamka, uso umefungwa bendeji, mkono wake wa kulia uliinuka. Niliudaka njiani.

"Iko," nikamwambia.

"Inaona?"

"Sijui bado. Ulale."

"Nsenene zimebaki?"

"Hapana."

"Nyinyi watu ni wabaya," akasema, akalala.

Bendeji ilipotolewa alisema anaona ukungu, na katikati ya ukungu mtu mfupi na mtu mwingine amekasirika. Daktari Ruth akaandika kwamba mgonjwa anatambua maumbo. Wiki zilizofuata ukungu ukapungua. Kama ni barafu, au ni mkono wa Daktari, au ni Mungu, karatasi yao inasema barafu inaonekana kusaidia, ila utafiti zaidi unahitajika. Wiki ile ile ndipo Daktari Ruth alipoibandika ile karatasi nyingine kwenye friji: humu ni barafu tu, nsenene marufuku. Msimu uliofuata mkavunja masharti yake, lakini sasa mnaweka upande mmoja na mnafunga kifuniko. Ni maendeleo.

Sajini alirudi kwa makuruta wake. Na kila msimu wa nsenene, siku ya kupimwa macho, alipita kwanza kwangu na kopo la nsenene zilizokaangwa na kitunguu. Nsenene amezichambua mwenyewe, anasema, mbawa na miguu, akiwa amefumba jicho la kushoto. Daktari Ruth ana ubao wake wa herufi ukutani. Mimi nilikuwa na kopo. Nilizimwaga kwenye sinia na kutafuta mguu mmoja aliousahau. Mwaka wa kwanza nilipata mingi, nikamwambia nimeletewa miguu yenye nsenene kidogo. Kila mwaka ilipungua.

Mwaka huu nimestaafu, nikadhani ndiyo basi. Jumamosi iliyopita akaja mpaka nyumbani Makindye, amevaa sare kamili. Majirani wote wakatoka kuona nakamatwa kwa kosa gani, na wengine nadhani walifurahi. Alikaa kwenye kiti cha mjukuu wangu, mbali na meza, kofia gotini. Nikamwaga kopo kwenye sinia, nikavaa miwani, nikatafuta taratibu, upande huu, upande ule. Mwishowe nikaupata.

"Sajini. Mguu."

"Huo niliuacha," akasema. "Ukikosa la kusema utaugua."

Kisha akafumba jicho la kushoto, akanyoosha kidole kutoka pale pale alipokaa.

"Lakini iko mwingine, pale chini ya kitunguu, ncha iko nje. Huo hukuuona. Mama Zaituni, wewe ndiye wa kupelekwa kwa Daktari Ruth."

Niliinua kitunguu. Ulikuwepo.